Dawa Iliyofungwa kwa Mafuta

Saratani ya titi iliporudi, safari hii kwenye ini, mke wangu alimwambia daktari kule Embu kwamba dawa ile nyekundu haitaki tena. Mara ya kwanza ilimng'oa nywele zote, na moyo ukachoka hata akipanda ngazi za nyumba yetu ya Kinoru ikawa lazima apumzike katikati.

Daktari, mwanamke mtaratibu, hakubishana naye. Alimweleza kuwa dawa ni ileile, ila sasa imefungwa ndani ya vitone vya mafuta vidogo mno, visivyoonekana hata kwa hadubini ya kawaida. Mishipa ya damu inayolisha uvimbe huota haraka na huwa na mianya, hivyo vitone hupenya pale kwa urahisi kuliko kwenye mishipa mizima kama ya moyo.

"Kwa hivyo haitaenda kwingine?" mke wangu akauliza.

"Itaenda, mama. Moyo hautaumia kama mara ile. Lakini viganja na nyayo vinaweza kukusumbua."

Mimi nina bucha. Nimekata mafuta maisha yangu yote na sikuwahi kuyafikiria kuwa kitu cha kubebea dawa. Nilikubali kwa sababu yeye alikubali.

Nywele zilibaki. Moyo ulipopimwa haukuwa umedhoofika zaidi. Ila baada ya dripu ya pili viganja viliwaka, vikawa vyekundu, kisha ngozi ikaanza kubambuka. Nesi alimkataza maji moto, viatu vya kubana na kazi za kusugua. Asubuhi, baridi ya mlimani ikiwa imetuingia mifupani, mimi nilitawadha kwa maji vuguvugu. Yeye alitumia ya baridi ya mferejini, akasema ndiyo raha pekee mikono yake iliyoijua. Viazi na mahindi ya mukimo nikawa naponda mimi, naye ameketi kando akinionyesha mabonge niliyoyaacha.

Picha ya ini ilionyesha uvimbe umepungua. Haukuisha, na daktari hakutuficha hilo. Alipunguza kipimo cha dawa, akaongeza siku kati ya dripu, na ngozi ikarudi polepole.

Jumapili moja nilitoka bucha nikamkuta anakanda unga wa chapati. Nikamsihi aache.

"Baba watoto, viganja ni vyangu," akasema. "Vikiuma nitajua."

Nikawasha jiko, nikaanza kukata vitunguu. Wiki iliyofuata tulikwenda Embu kwa dripu nyingine.