Nilimeza dawa ya depression kama Panadol, hadi siku nikaonja tangawizi

Wakuu, niaje. Nimejifungia kwa nyumba kama kawaida, lakini leo nimefungua mdomo. Sitaongeza chumvi, hata sijui dadangu huiweka wapi.

Niko Kitale, naishi na huyo dadangu mkubwa, Wanjiru. Nimekuwa mtu wa nyumba tangu utotoni. Shida ya hiyo sifa ni kwamba ukigonjeka hakuna anayejua.

Miezi sita sikuvuka gate. Moyo unakimbia saa nne asubuhi na hakuna kinachonifukuza. Watu wanasema ati si ni yeye tu, ndivyo alivyo.

Wanjiru ndiye aliogopa. Alinikuta nimeshika viatu tangu asubuhi, nimeshindwa kuvaa.

Akasema hospitali. Nikasema sawa, lakini iwe Bungoma, mahali sijulikani. (Kana kwamba Kitale najulikana, na sitoki.)

Daktari, mama mpole wa Misikhu, akasema ni depression na anxiety, si uvivu. Akanieleza ati seli za ubongo hutumiana message kwa kemikali inaitwa serotonin, halafu inaondolewa haraka. Nikaelewa ni kama ile message ya WhatsApp inafutwa kabla usome. Dawa inafanya ikae kidogo. Si hayo tu, akasema, mengine hata wao bado wanachunguza.

"Moja, kira siku. Na usiache bira kuniambia."

Mimi bana, nikachekea hiyo "kira" ya lafudhi yake moyoni nikasahau maana yake. Siku mbaya nameza, siku nafuu narudisha kabatini. Wiki tatu nikarudi kulalamika dawa ni feki.

Akahesabu vidonge vilivyobaki.

"Kijana, hii si ya kichwa kuuma. Inajenga porepore."

Nikaanza upya. Wiki ya kwanza tumbo chafu, mdomo mkavu. Ya pili, bure. Ya tatu, bure.

Ya tano, nikinywa chai, kikombe kikasimama hewani.

"Wanjiru, umeanza lini kuweka tangawizi?"

Akaweka sufuria chini.

"Tangu mama afariki. Kila siku."

Wakuu, kidonge kidogo kuliko punje ya mahindi. Hakikuniletea furaha ya sherehe, kilinirudishia ulimi. Mpaka leo nakiangalia kwa kiganja nashangaa.

Wewe yako inaweza kuwa dawa nyingine, ama kuongea na counsellor. Muulize daktari, si mimi.

Lakini mtu wenu wa kukaa nyumbani, hebu hakikisheni bado yumo.

Nani mwingine ashameza hizi? Nichekeni, lakini mjibu. Nitasoma zote, si mnajua sitoki. Isipokuwa Jumamosi, nina safari ya Myanga, na viatu nimeshavaa kujaribu.