Picha Niliyoiweka Kwenye Laptop ya Dadangu

Kosa ni langu. Si la shetani, ingawa Jumamosi hiyo alilaumiwa sana, tena kwa sauti kubwa, na akina mama kumi na mmoja waliokuwa wamejaa sebuleni kwetu. Yeye hakuwa anajua hata laptop iko wapi. Ni mimi!

Niko Form Three. Tunaishi mtaa wa Kware, gorofa ya tano, mimi na Mama na dadangu mkubwa, Mwende. Mwalimu wa zamu aliandika kwenye ripoti yangu kwamba mdomo wangu haupumziki. Nilidhani ananisifu.

Mwende yuko chuo, anasomea mambo ya lishe. Wiki hiyo alikuwa anamalizia mradi wake wa mwisho, na ulitakiwa Jumatatu saa nne asubuhi. Ukikosa kupeleka, unarudia mwaka mzima. Alikuwa amebakisha sura moja. Sura moja tu, jamani! Na kila kitu kilikuwa ndani ya laptop aliyopewa na shangazi yetu, ile inayowaka moja kwa moja bila kukuuliza password wala salamu.

Alhamisi jioni akaenda kuoga. Bafu letu ni la gorofa nzima, kwa hivyo ukienda kuoga unaenda pia kupiga foleni. Nikaona nafasi. Nikatafuta mtandaoni picha ya kompyuta iliyokufa: skrini nyeusi tititi, na maandishi meupe ya Kizungu yanayosema diski haipatikani, mashine haiwezi kuanza. Nikaiweka iwe wallpaper. Nikaficha vialama vyote vya programu, nikaficha na ule mkanda wa chini. Nikazima. Halafu nikakaa kitandani na kitabu cha Biolojia, mara ya kwanza muhula huo.

Mwende akarudi, akawasha.

"Ngai! Ngai wangu! Wewe, kuja uone!"

Nikaenda polepole kama daktari. Nikainama. Nikatikisa kichwa.

"Hii imekataa kuanza. Diski imelala."

"Imelala aje? Si asubuhi ilikuwa sawa?"

"Ndio hivyo huwa. Lakini naweza jaribu. Itachukua muda."

Hapo ndipo ningecheka, nibonyeze mara mbili, nirushiwe mto, yaishe. Ndio ulikuwa mpango, naapa! Lakini Mwende akasema maneno yaliyoniharibu kabisa: "Ukiitengeneza, wiki mbili hutaosha vyombo. Na maji nitabeba mimi."

Maji! Umewahi kupandisha mtungi wa lita ishirini hadi gorofa ya tano? Nikaona afadhali ugonjwa uendelee kidogo ndio dawa iheshimiwe.

Nikaanza ufundi. Nikamwambia ashikilie kitufe cha kuwashia hadi ahesabu thelathini. Akashikilia. Nikamwambia achomoe chaja, aigeuze laptop juu chini, aipepee na kifuniko cha sufuria ipoe. Akapepea! Mtu wa chuo, na nguo za heshima, anapepea laptop kama mahindi ya kuchoma! Kila ikiwaka, skrini nyeusi inarudi, yeye anashika kichwa, mimi nakimbia nje kwenye korido nicheke hadi nikohoe.

Ijumaa nikamwambia nimekaribia. Jioni hiyo nikala chapati nne. Mbili zilikuwa zake.

Niliamua nitaitengeneza Jumamosi asubuhi. Sasa, Jumamosi asubuhi niliamka saa nne na nusu, na laptop haikuwa mezani.

"Nimeifungia kabatini," Mama akasema. "Mmeisumbua vya kutosha. Leo ushirika uko kwetu."

Nikavuta mlango wa kabati, haukufunguka.

Lazima nikueleze ushirika wetu. Akina mama wa ploti, yaani jengo letu zima, hukutana kila Jumamosi mchana kwa nyumba ya mmoja wao, na mwenye shida hasemi tu, anaileta shida yenyewe mezani. Anayetafuta kazi anaweka bahasha ya barua. Mwenye pikipiki inayosumbua anaweka ufunguo. Kiongozi wao, Mama Kyalo, anapita juu ya kila kitu na chupa ya maji ya upako. Ni maji yaliyoombewa na kutiwa chumvi. Kawaida ni matone mawili tu.

Siku hiyo palikuwa na bahasha tatu, kadi ya kliniki, na laptop ya Mwende, imefunguliwa wazi, inawaka, nyeusi.

"Hii nayo?" Mama Kyalo akauliza.

"Inawaka lakini haifiki," Mwende akasema. Macho yalikuwa yamevimba. Kumbe alikuwa akilia usiku nami sikujua. "Na mradi wangu uko ndani, Mama. Nisipoupeleka Jumatatu narudia mwaka."

"Inawaka lakini haifiki!" Mama Kyalo akageukia wenzake. "Mnasikia? Si ni kama vijana wetu!"

"Kabisa!" wakajibu.

Mimi nilikuwa nimesimama hapo na thamosi ya chai. Na badala ya kusema ukweli, nikapata wazo. Wewe, mawazo yangu yafungwe! Nilijua wakianza kuomba watafumba macho wote. Nikajiambia, nikifika pale mezani, mibonyezo miwili tu, picha itoke. Watafumbua macho, laptop imepona, Mwende afurahi, Mungu ashukuriwe, na mimi nisiulizwe kitu.

Wakafumba macho. Nikaweka thamosi chini. Nikanyata. Nikanyoosha mkono, kidole kikagusa, nikabonyeza mara ya kwanza.

"Hii imefungwa na shetani!" Mama Kyalo akanguruma, macho amefumba. "Hii haitatoka na matone!"

Akapindua chupa.

Chupa nzima! Maji yakapiga mkono wangu, yakapita katikati ya vidole, yakaingia kwenye herufi zote kuanzia A. Laptop ikasema tsss, kama yai kwenye kikaango. Skrini ikazima. Safari hii haikuwa picha.

Wakafumbua macho wakanikuta hapo, mkono juu ya laptop, unachuruzika maji.

"Mmeona?" Mama Kyalo akapaza sauti. "Mtoto amekuja mwenyewe kuwekea mikono! Huyu mnayesema ni mtundu!"

Wakapiga makofi. Mama akafuta machozi. Nikasimama hapo nikipigiwa makofi, jamani, na Mwende peke yake ndiye aliyekuwa anaangalia laptop. Akabonyeza kitufe cha kuwashia. Akabonyeza tena.

"Sasa haiwaki hata kidogo," akasema, kwa sauti ndogo sana.

Tukashuka mbio kwa Fundi Njoro, ambaye kibanda chake kiko chini ya jengo linalofuata. Ni mtu wa kuongea akiwa na skrubu mdomoni. Akafungua laptop, akanusa, akaonja kidole.

"Hii ni chumvi?"

"Ni upako," nikasema.

Akaniangalia. Akamgeukia Mwende. "Sista, kabla ya huo upako, shida ilikuwa gani hasa?"

"Ilikuwa inakataa kuanza. Inaleta maandishi meupe kwa skrini nyeusi."

"Ule mlio wa kuanza ulikuwa unausikia?"

"Kila siku."

"Na kale kamshale, ukisongesha kidole, kalikuwa kanatembea juu ya hayo maandishi?"

"Kalikuwa kanatembea vizuri tu."

Fundi akatoa skrubu mdomoni. "Sista, kama mashine imekataa kuanza, mshale unatoka wapi? Hiyo ilikuwa imewaka iko sawa. Hiyo ni picha. Kuna mtu alikuwekea picha."

Nikaanza kuangalia bei ya chaja ukutani. Nilisoma bei zote. Niliposoma mara ya pili, nikahisi Mwende ameshageuka.

"Ni wewe."

Si swali. Nikaitikia kwa kichwa, si kwa ule mdomo usiopumzika.

Hakunipiga! Hakupiga hata kelele! Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa ya Fundi, akafunika uso, mabega yakaanza kutetemeka, na nikatamani sana kama angenipiga.

Fundi akang'oa diski, akaikausha, akaichomeka kwenye kompyuta yake. Tukangoja. Mradi ulikuwepo. Nililia mbele ya wateja wawili na mtu wa mayai. Lakini laptop yenyewe, Fundi alisema, hata tukiifanyia maombi mengine haitarudi. Na ile sura ya mwisho, ambayo Mwende angeiandika Alhamisi na Ijumaa, haikuwepo popote.

Mama alipoambiwa, akaniambia nipande ngazi nigonge milango ya wale wanawake wote, mmoja mmoja, nieleze. Milango kumi, ukitoa wetu. Kwa Mama Kyalo niliongea nikiangalia viatu. Alinisikiliza hadi mwisho, akauliza, "Kwa hivyo nililoweka laptop nzima?" Halafu akaketi, akaomba maji ya kunywa. Mzee wa watu! Ndio nikajua nimeumiza wangapi.

Jumapili tulishinda saiba, kwenye kompyuta za kulipia, mimi na Mwende. Aliniweka mimi kwenye kiti.

"Si wewe ndio fundi? Andika."

Akasimama nyuma yangu na madaftari yake, akasoma, nikaandika kwa vidole viwili, kurasa kumi na nne, kuhusu uji wa watoto wa chekechea. Nikikosea anasema "futa". Hakusema neno lingine kwangu kutwa.

Tulipomaliza, akasema imebaki ukurasa wa shukrani. Nikaandika: anamshukuru Mungu, Mama, shangazi, Fundi Njoro. Halafu akataja jina langu. Majina yangu yote matatu!

Nikamwangalia. "Mimi pia?"

"Andika," akasema. "Mdogo wangu, ambaye bila yeye kazi hii ingeisha Ijumaa."

Nikaandika kwa vidole vyangu mwenyewe. Jumatatu akaupeleka mradi saa tatu na nusu, ukapokelewa, na sasa umejalidiwa.

Kwa hivyo wewe unayesoma hii, na kidole chako kiko juu ya laptop ya ndugu yako, kitoe! Na kama umeshabonyeza, sema leo, kabla wageni hawajakaribishwa na chai haijamiminwa. Usingoje upate zawadi kwanza, utapigiwa makofi hadi uchoke.

Jina langu nimelificha hapa kwa sababu ya aibu. Mwende anasema nisijisumbue, liko maktaba ya chuo chao, rafu ya lishe, na wanafunzi wa mwaka wa kwanza wameshaanza kuuliza huyo ni nani.