Uzito wa Mama Xiaoman

Luan Baosheng alikuwa amebakiwa na kazi moja tu, nayo ilimtia hofu: kumpeleka mkewe kwao. Suyun alikuwa sasa majivu ndani ya kisanduku cha mawe kilichofungwa kitambaa chekundu, juu ya kabati, mahali ilipokaa redio. Siku chache kabla hajafa alimshika mumewe kidole, maana nguvu ya kushika mkono mzima hakuwa nayo, akamwambia, "Baba Xiaoman, usinipakie kwenye lile gari lao jeusi la maiti. Nipeleke kwetu kwenye kiti changu." Luan akasema atampeleka. Nani angejibu vingine?

Kiti chenyewe ni kigari cha ubavuni cha pikipiki ya jeshi, Changjiang ya kijani, yenye umri mkubwa kuliko ndoa yao. Luan aliendesha ya namna hiyo alipokuwa askari kijana, akipeleka barua kambi hadi kambi. Miaka mingi baadaye akaikuta hii kwenye uwanja wa vyuma chakavu, kuku wametaga ndani ya kigari, na tangu hapo hakuna aliyeweza kumtoa pale. Yeye na rafiki yake Dou waliihangaikia kwa majira mawili ya baridi, katika karakana ya Dou kule Tongzhou, mpaka ikakohoa na kuwaka. Suyun, aliyekuwa kondakta wa basi, akaingia kwenye kigari siku hiyohiyo na chupa yake ya chai. "Maisha yangu yote nimesimama watu wamekaa," alisema. "Sasa zamu yangu." Hakumwachia mtu kile kiti tena.

Sasa, pikipiki ya kigari ina tabia zake. Kigari kiko kulia, na uzito wa aliyekaa ndani huivuta pikipiki upande huo. Ndiyo maana mafundi huiinamisha kidogo kushoto kwa kuzungusha nati iliyo kwenye nondo inayounganisha viwili hivyo, mpaka ukiachia usukani iende sawa yenyewe. Kila mtu ana uzito wake. Kwa hiyo wazee wa karakana ya Dou, ambao wote wana pikipiki kama hizo na wote wanajiona mabingwa, wana sheria moja wasiyoivunja: pikipiki hupimwa na mwenye kiti akiwa kitini.

Basi Suyun alikuwa akikaa kwenye kigari kama bibi harusi, anafuma sweta lake, na wanaume wazima wenye mvi wanatambaa chini wamemzunguka, na mbao ndefu na uzi wa fundi mwashi, wakigombania upana wa kidole.

"We Dou, ukinigusa na hiyo mbao nakukatia tiketi!"

"Tulia basi, shemeji! Ukicheka hivyo unatuharibia vipimo."

Vuli ya mwaka juzi, walipokuwa wanarudi kutoka kununua matufaha, Luan alihisi pikipiki inaiba kushoto, inavutika yenyewe. Kidogo tu. Mtu mwingine asingehisi, lakini yeye jambo kama hilo humkosesha raha kama jiwe kwenye kiatu. Akalaumu tairi, akabadili tairi. Akalaumu springi. Mwisho akamkalisha Suyun kitini, wakapima, wakairudisha nati kidogo, na Luan akapaka tone la rangi nyekundu iliposimama, kama wafanyavyo wote, ili siku ukitaka kurudi ulikotoka uione njia.

Baada ya mwaka mpya ikaanza tena. Wakapima, wakarudisha nati, akapaka rangi. Majira ya joto yalipofika, kila wakikata kona ya kulia gurudumu la kigari likawa linanyanyuka barabarani, na Suyun anapiga kelele za furaha: "Baba Xiaoman, naruka!"

Wakapima mara ya tatu. Dou alikuwa chini ya pikipiki, miguu tu inaonekana. "Shemeji," akasema kutoka hukohuko, "huyu bwana anakunyima chakula nini? Mbona unazidi kukonda?"

"Najiandaa na harusi ya Xiaoman. Nitavaa lile gauni langu la ujanani, nyie mtabaki na vitambi vyenu."

Wakacheka. Luan alicheka kuliko wote, spana mkononi. Kisha wakaenda kula tambi za mchuzi wa maharage. Suyun akaacha nusu bakuli, na Luan akavuta bakuli akalimalizia.

Mwenye macho haambiwi tazama, ndivyo watu wasemavyo. Luan aliambiwa mara tatu.

Ugonjwa ulipojulikana ulikuwa umekwisha kujenga nyumba tumboni. Daktari akauliza alianza kupungua lini. Luan na binti yake wakatazamana. "Labda kiangazi hiki," Luan akasema. Xiaoman anafanya kazi Shenzhen, huko kusini, na huja nyumbani mwaka mpya tu. Tangu siku ile alijibebesha mzigo wote. "Nilimkumbatia mwaka mpya, Baba," alikuwa akisema kwenye simu. "Alikuwa amevaa koti nene. Nilimkumbatia na sikuhisi kitu. Mtoto gani mimi?" Alisema hivyo hospitali, akasema hivyo siku ya kuchoma maiti, na Luan kila mara alimwambia usijilaumu, mwanangu, hakuna aliyejua. Wakati huo aliamini anachosema.

Majira ya baridi yalipoanza kulegea, Luan akaenda karakana kuitayarisha pikipiki kwa Qingming, siku ya kusafisha makaburi, maana ndiyo siku aliyopanga kumpeleka Suyun. Akachukua kitambaa chenye mafuta ya taa akaipangusa nondo. Alama zikajitokeza: ile ya zamani, iliyofifia, ya wakati walipoifufua pikipiki, na juu yake tatu nyekundu, moja baada ya nyingine, kila moja imesogea kutoka kwa mwenzake. Luan akakaa juu ya debe. Pikipiki haikuwa na kasoro. Springi ilikuwa nzima, na tairi aliloling'oa lilikuwa zima. Kilichopungua kilikuwa kitini, kinafuma sweta. Jibu la daktari lilikuwa pale tangu mwanzo, limeandikwa kwa mkono wake mwenyewe, na yeye mwenyewe ndiye aliyeketi mbele ya daktari akasema labda kiangazi hiki.

Alilia kwa sauti. Dou alikuwa nje anapiga soga na jirani. Alisikia, akamfukuza jirani, naye hakuingia.

Siku ya kuijaribu, kigari kikiwa kitupu, pikipiki ilivutika kushoto mpaka nusura Luan aingie mbele ya lori. Dou akaja na mfuko wa mchanga begani.

"Weka huu kitini, kaka. Sote tunaweka tukiwa peke yetu."

"Pale hapakai mchanga."

"Haya, basi tuinyooshe upya. Tuipime kama kigari kitupu."

"Kitupu?" Luan alisema, na Dou akaiweka spana chini. "Usiiguse hiyo nati, Dou. Mara tatu imepiga kelele, na mara tatu nimeiziba mdomo. Sasa iache ivute. Ivute inavyotaka."

Ndipo Dou naye akaelewa, akakumbuka utani wake wa chini ya pikipiki. Hakufanya utani tena siku ile, na kwa Dou hiyo ni sawa na matanga.

Xiaoman akafika usiku wa kuamkia Qingming. Walikula uji wa mtama na mboga za chumvi, na baada ya kula akasema amekodi gari, kesho atampeleka mama yeye mwenyewe. "Ba'mdogo Dou kaniambia hiyo pikipiki haishikiki. Unataka nizike wawili?"

Luan angeweza kunyamaza. Hakuna aliyejua isipokuwa Dou, na Dou asingesema. Lakini alimtazama mtoto aliyekonda kwa kujilaumu, anayebeba mzigo usio wake, akaona kuuacha begani mwake ni wizi.

"Xiaoman, achana na lile koti. Wewe hukuwa na namna ya kujua. Mimi nilikuwa nayo." Akamweleza yote: matufaha, tairi, springi, nati, rangi.

Xiaoman alisikiliza mpaka mwisho. "Ulihisi," akasema.

"Nilihisi pikipiki."

"Mara tatu."

"Mara tatu."

"Na ukatengeneza pikipiki."

Kofi lina nafuu, unajua pa kushika. Luan hakujua ashike wapi. Xiaoman akanyanyuka, akaosha bakuli lake, akaliosha tena, akaingia chumbani na kufunga mlango.

Asubuhi Luan hakumgongea. Alikibeba kisanduku kwa basi la kwanza hadi Tongzhou, akakifunga kwenye kiti kwa mkanda na kuwasha pikipiki. Alikuwa ameamua: hatatia mchanga, hatagusa nati, atashindana nayo mikono mitupu mpaka Zhaitang milimani, kwao Suyun, na lililo njiani na liwe. Sikio la kufa halisikii dawa. Langoni akamkuta Dou ameikingamisha pikipiki yake njiani kama mti uliong'oka.

"Toa hiyo."

"Pita juu yake. Pita na juu yangu. Ukifa kule barabara ya 109, nani atakuja kuniazima spana asirudishe?"

"Dou, nimemwahidi."

"Ulimwahidi kumfikisha. Hukumwahidi kumtupa mtoni."

Walikuwa wanabishana hivyo, wazee wawili na mafuta usoni, gari la kukodi liliposimama. Xiaoman akashuka. Alikuwa amevaa koti la mama yake, lile la kijani la jeshi, na kofia ya mama yake mkononi. Macho yalikuwa mekundu.

"Sijakusamehe, Baba. Usije ukafikiri nimekusamehe. Nimekuja kwa sababu ya mama." Akafungua mkanda, akaingia kwenye kigari, akakipakata kisanduku. "Twende."

Dou akajifuta pua kwa mkono wa shati. "Bado. Sheria ni sheria. Mwenye kiti yuko kitini."

Mbao zikaletwa, na uzi. Luan akapiga magoti akaanza kuizungusha nati kurudi ilikotoka. Xiaoman aliinama akawa anatazama vidole vyake. Nati ilikuwa ikiondoka kwenye alama ya mwisho.

"Hii ya lini?"

"Kiangazi. Siku tuliyokula tambi."

Ikafika nyingine.

"Na hii?"

"Baada ya mwaka mpya. Ulikuwa umeshapanda treni."

Xiaoman akaigusa alama iliyofuata kwa kidole. "Na hii?"

"Ya matufaha," Luan akasema. "Hii ndiyo ya kwanza. Hapa ndipo ningemuuliza."

Binti hakumfariji. Alikikumbatia kisanduku na kuendelea kutazama mpaka nati ikafika kwenye alama iliyofifia, ile ya Suyun mzima. Dou akapima mbele, akapima nyuma, akapima tena. Xiaoman ana umbo la mama yake, na kisanduku kilikuwa cha mawe.

"Imekaa," Dou akasema, akageukia ukuta.

Wakatoka, Dou mbele na wazee wengine wa karakana nyuma, kila mmoja na mchanga wake kitini. Wakazunguka mji, wakaishika barabara ya 109 kuingia milimani. Waliposogelea mto, Xiaoman akaanza kumwambia mama yake njia, kama inavyompasa mtoto anayempeleka marehemu, asije akapotea. "Mama, tunavuka daraja." Baadaye tena, "Mama, daraja lingine hili." Miti ya aprikoti ya milimani ilikuwa imechanua maua meupe kando ya barabara, na upepo ulikuwa bado na baridi ya kukata.

Pikipiki ilikwenda sawa. Luan aliuachia usukani kidogo, kama wafanyavyo wakipima, nayo ikashika njia bila kuiba popote. Kwa muda mrefu mikono yake ilikuwa imesahau ilivyo kupumzika. Sasa ikapumzika, na mabega nayo, na injini ikaimba ule wimbo wake mzito. Madaraja yakaisha. Kitini pakawa kimya. Ni hapahapa, baada ya handaki la mwisho, ambapo Suyun husinzia kila safari, chupa ya chai miguuni. Luan, macho barabarani, akapaza sauti kuishinda injini, kama alivyofanya miaka yote:

"Mama Xiaoman! Umelala?"

Akajisikia mwenyewe. Maneno yalikuwa yameshatoka, na mdomo haukuweza kuyarudisha. Alitamani binti asiwe amesikia.

Ikapita kona nzima.

"Amelala, Baba," Xiaoman akasema. "Endesha polepole."

Luan akapunguza mwendo.