Madebe Yalikuwa Yangu

Wajukuu zangu husema bibi alibahatika kupata nyumba za kupangisha. Sikubahatika. Nilifanya kazi ya punda, kisha nikaibiwa na mtu niliyekuwa nampikia ugali.

Mume wangu alipofariki, enzi ya Mwingereza, nilikuwa napepeta mchele dukani kwa Mhindi mmoja hapa Tabora mjini. Nikamwambia asinipe pesa, anipe madebe matupu ya mafuta ya taa. Alicheka, lakini alinipa. Niliyapasua, nikayanyoosha kwa nyundo mpaka yakawa mabati ya kuezekea. Miaka miwili hiyo. Miti na fito nilikata porini mwenyewe, udongo nikaukanyaga kwa miguu yangu hii.

Kiwanja kilikuwa kando ya njia ya Ujiji, ile ya misafara ya zamani. Kosa langu ni moja. Sikujua kusoma, nikamtuma shemeji, mdogo wa marehemu, aende ofisini kuniandikishia. Akaandikisha jina lake. Nilijua siku mpangaji wangu wa kwanza, kuli wa reli, aliponiambia kodi ameshampa mwenye nyumba.

"Mwenye nyumba nani?"

"Si shemeji yako, mama? Kanionyesha karatasi."

Nikamfuata. Hata haya hakuona.

"Shemeji, mwanamke na kiwanja wapi na wapi? Nitakuachia kile chumba cha uani."

 Asubuhi yake niliegemeza ngazi, nikaanza kung'oa misumari ya paa. Mvua zilikuwa zimekaribia. Akaja mbio.

"Unabomoa nyumba yangu."

"Kiwanja chako, kuta zako. Madebe yangu. Hebu nipokee hili, angalia lisikukate."

Majirani walicheka mpaka wakakaa chini. Kuli alihama siku hiyo hiyo, akanisaidia kubeba.

Safari hii nilikwenda ofisini mwenyewe. Nilikaa barazani mpaka karani akachoka kuniona, nikaweka dole gumba kwenye karatasi ya kiwanja kingine, upande wa Kitete. Chumba cha kwanza kuezekwa aliingia kuli, mimi nikalala jikoni. Kodi yake ikajenga cha pili, cha pili kikajenga cha tatu.

Kuta za shemeji ziliyeyuka mvua zile zile, na kiwanja akanyang'anywa na ofisi kwa kutokijenga. Akaja kwangu, mkeka kwapani, kuomba chumba. Nikamwambia vimejaa. Kimoja kilikuwa kitupu, mlango wazi, naye alikuwa amesimama mbele yake.