Kivuli Kisicho na Mti

Hana cheti. Hana ofisi, hana kadi ya kuwagawia wateja, hana simu ya kioo. Penseli ya rangi hana hata moja, ingawa kwa miaka thelathini na miwili amebuni bustani za watu. Goti la kulia hana, lilikwisha siku alipoanguka na ngazi. Na tangu miezi mitano iliyopita, jina zuri pia hana.

Saa moja asubuhi fundi huyu wa bustani yuko ndani ya shimo linalomfika magotini. Juu yake amesimama mwenye nyumba, kavaa bukta na kandambili, simu kaiinua usawa wa macho.

"Sogea kushoto kidogo," anasema mwenye nyumba.

"Kushoto kuna bomba la maji, bosi."

"Kwenye picha hakuna bomba."

"Basi tumwite aliyechora aje alihamishe."

Mwenye nyumba anacheka mpaka anashika kiuno. Shimo linahamia kushoto hata hivyo, na fundi anaweka jembe kando, anaanza kuchimbua udongo kwa mikono kuzunguka bomba.

Picha anayoifuata imechorwa na akili mnemba. Mtu anapiga picha ua wake, anaandika anachokitaka, na kabla maji ya chai hayajachemka anarudishiwa bustani nzima, maua yakiwa yameshachanua. Katika mtaa huu wa nyumba arobaini, mwaka juzi fundi alikuwa na bustani kumi na moja za kubuni na kutunza. Leo zimebaki mbili, na kote kuwili anaitwa kuchimba tu. Analipwa kwa kila shimo.

Watu wazima kwa watoto humwita Mzee Vigingi. Jina limetokana na kazi yake. Akipewa ua mpya, hagusi jembe kwa siku tatu. Anakwenda asubuhi, mchana na jioni, na kila kivuli kinapoishia anachomeka kijiti kilichofungwa kitambaa: cheupe cha asubuhi, chekundu cha mchana, cheusi cha jioni. Siku ya nne anasoma vijiti vyake na kuamua kipi kipandwe wapi.

"Mmea hauna miguu," anasema. "Ukiuweka pabaya, hauwezi kuhama. Utakufa mbele yako huku unauangalia."

Nyumba iliyomharibia jina ni ya mwalimu mstaafu, mama wa miaka sabini na tisa, ambaye kila mtu anamwita Mwalimu. Mbele ya baraza yake ulisimama mzambarau. Fundi aliupanda mwenyewe mwaka wake wa kwanza wa kazi, ukiwa na majani sita. Kila siku baada ya chakula cha mchana Mwalimu alitoka na kiti chake, akakaa chini ya kivuli cha mti huo mpaka jua litue, akisalimia wapita njia na kusahihisha lugha yao.

Mwaka huu mwanawe wa kiume alirudi kuishi naye. Akataka bustani ya kisasa. Akapiga picha ua, na akili mnemba ikamletea ua usio na mzambarau: njia ya mawe meupe, kidimbwi, na kando ya baraza kitalu kirefu cha kangaga, ile mimea laini ya majani kama manyoya inayopenda ubaridi na kivuli. Akaichapisha kwenye karatasi, akampa fundi aifuate.

Fundi alikuwa ameshaanza kuchomeka vijiti.

"Mzee Vigingi, hii imechorwa kwa nusu dakika," kijana huyo wa Mwalimu alimwambia. "Wewe siku ya tatu leo unachomeka vijiti. Unangoja viote?"

Fundi aliitazama karatasi kwa muda mrefu. Mti ulikuwa umeondolewa, lakini kivuli chake kilikuwa bado kimelala chini, kizima, na matawi yake yote, juu ya kitalu cha kangaga. Mashine ilikuwa imefuta mti ikasahau kufuta kivuli.

"Kivuli hiki cha nani?" akauliza.

"Cha picha," kijana akajibu, akacheka, akaingia ndani.

Fundi hakumfuata. Anakiri kwamba alikuwa na hasira, na kwamba kilichomuuma zaidi ni kusikia kuwa Mwalimu ameiona picha na kuikubali. "Miaka yote ile nimemtunzia," anasema, "halafu karatasi moja!"

Asubuhi ya kukata mti, Mwalimu alitoka barazani akiwa na fimbo yake.

"Fundi, wewe ndiye unayejua. Itapendeza?"

"Itapendeza, Mwalimu," alijibu.

Anaporudia maneno hayo, anafuta udongo kwenye vidole vyake kimoja kimoja. "Nilitaka waumbuke. Nilijua kangaga zitaungua. Nikasema, waache, watanitafuta wenyewe."

Mzambarau uliangushwa kwa siku mbili. Kangaga mia moja na ishirini zilipandwa, zikakauka kabla ya mwezi kwisha. Na ambacho fundi hakukipigia hesabu ni baraza. Kuanzia saa nane jua linaipiga moja kwa moja, sakafu haikanyagiki. Mwalimu sasa anashinda chumba cha nyuma, pazia limefungwa. Wapita njia hawamwoni tena.

Hakuna aliyemtafuta fundi. Kijana aliandika kwenye kundi la simu la wakazi kwamba Mzee Vigingi ameua bustani kwa makusudi au kwa uzee, na mlinzi wa geti la nyumba yao akapewa amri asimruhusu kuingia. Wiki ileile nyumba tano zikamwachisha kazi.

Mkewe, ambaye ni fundi cherehani, alimshangaa kwa kukaa kimya.

"Baba, si karatasi unayo? Ipeleke kamati ya wakazi. Kivuli kile kitakusemea."

"Wakishakiona wataniuliza swali moja."

"Swali gani?"

"Ulikiona lini?"

Mkewe akarudi kwenye cherehani yake. Hajaitaja karatasi tena. Siku hizi, baada ya chakula cha jioni, mke huondoa sahani mapema.

Ukimuuliza kama mti unaweza kurudishwa, fundi anajibu bila kufikiri. Miche ipo, hata bure. Kivuli cha kumfunika mtu kitini kinataka miaka kumi na miwili, na Mwalimu ana sabini na tisa. "Mimi nina sitini na minne. Hiyo hesabu nimeipiga kila namna. Haitoki."

Jumapili asubuhi alikaa mezani, akasogeza vitambaa vya mkewe, akaandika. Alichana karatasi nne. Ya tano inasema hivi: "Mwalimu wangu, uliniuliza kama itapendeza nikakujibu itapendeza. Nilikuwa najua. Tazama kwenye picha hii, kando ya baraza, utaona nilichokiona. Mashine haikujua. Mimi nilijua. Ukiniruhusu nitajenga kichanja cha miti mbele ya baraza na kupandisha mpasheni utambae juu yake, miezi minane utakuwa na kivuli kidogo. Hakitafanana na kile. Sitaki malipo. Usiponijibu nitaelewa."

Anaamini atajibiwa? "Hapana," anasema. "Kijana ndiye anayepokea barua."

Jumatatu, saa nne, anasimama posta na bahasha iliyo wazi, karatasi mbili ndani, barua na ile picha. Karani anasoma anwani, anainua macho.

"Mzee, nyumba hii si hapo tu ukivuka barabara? Unaharibu stempu ya nini?"

"Getini nimekatazwa, mwanangu."

Karani anamsukumia chupa ya gundi. "Hutaki kuipitia mara ya mwisho? Ukishafunga ndiyo imetoka."

"Nikiipitia tena nitaanza kujitetea."

Anapaka gundi taratibu ukingo mzima, anafunga, anaikandamiza mezani kwa kiganja huku watu wawili nyuma yake wakiguna. Karani anabandika stempu, anagonga muhuri, na kuitupa kwenye gunia pamoja na nyingine.