Kioo cha Shahidi

Wenzake maabara humwita Mama Wembe. Kwa miaka thelathini na moja amekuwa akikata nyama za wagonjwa vipande vyembamba kuliko karatasi, akivibandika juu ya vioo vidogo na kuvitia rangi ili daktari avisome kwa darubini. Mkono huo haupumziki hata nyumbani. Mumewe, dereva mstaafu, hukiinua kipande cha kitunguu kuelekea taa na kuuliza, "Mama watoto, hiki nikile au nikisome?"

Wagonjwa hawamjui. Humsifu daktari aliyewapa majibu, naye daktari huzipokea sifa bila kusema kwamba majibu yametoka chumba cha nyuma, mikononi mwa mama mwenye miwani iliyofungwa uzi. Hilo huniudhi, wala sitaki kulificha.

Mwezi uliopita aliletewa kipande cha ngozi kutoka unyayo wa fundi cherehani mmoja. Lilikuwa doa jeusi chini ya kisigino, na kwa mwaka mzima fundi aliamini ni damu iliyovilia kwa kukanyaga pedali. Kumbe ni saratani ya ngozi. Daktari wa ngozi alikwisha kuliondoa; alichotaka kujua sasa ni kama saratani hii ina haraka. Kuna protini ambayo seli huwa nayo wakati wa kujigawa. Ukitia dawa yake, viini vya seli zinazojigawa huwa kahawia, na vya zilizotulia hubaki bluu. Kahawia ikizidi, ni dalili kwamba saratani inakwenda mbio na mgonjwa aangaliwe kwa karibu. Haisemi mtu ataishi miaka mingapi. Hupimwa pamoja na dalili nyingine, kama vile kina cha doa.

Kila anapotia dawa hiyo, Mama Wembe huweka kioo cha pili, chenye nyama ya mafindofindo ya mtu mwingine, ambayo siku zote ina seli zinazojigawa. Maabara wanakiita shahidi. Shahidi asipogeuka kahawia, basi dawa haikufanya kazi, na kioo cha mgonjwa hakina la kusema.

Siku ile vioo vilikuwa arobaini, na mwenzake alikuwa likizo. Kioo cha fundi kilitoka bluu tupu, akakipeleka. Daktari wa darubini akaandika kwamba seli zinazojigawa ni chache mno. Hakuuliza shahidi yuko wapi, na Mama Wembe hakumpa. Fundi akaambiwa arudi baada ya miezi sita. Alicheka hadi korido, akaahidi kumshonea daktari wa ngozi suti.

Wiki iliyofuata, akipanga vioo kwenye droo, Mama Wembe alikiinua kioo cha shahidi dirishani. Bluu. Akakiweka kwenye darubini, akatafuta hata nukta moja ya kahawia, asiione. Akaenda kwenye friji. Chupa ya dawa aliyoitumia ilikuwa imepitwa na tarehe kwa miezi minne. Mpya ilikuwa nyuma yake, haijafunguliwa.

Alikwenda moja kwa moja kwa daktari wa darubini.

"Daktari, kioo cha yule fundi cherehani hakifai. Shahidi hakugeuka."

"Nani alikitia rangi?"

"Mimi."

"Na mimi nimeshasaini." Daktari aliinuka akafunga mlango. "Mama, umebakiza miezi miwili ustaafu. Mtu kaenda kwao na furaha yake. Na huenda majibu ni yaleyale."

"Huenda."

"Sasa?"

"Sasa mimi sijui, na wewe hujui. Yeye anadhani tunajua."

Daktari alipapasa kalamu mezani. "Utaandikiwa barua."

"Iandikwe. Miwani ninayo."

Akakata kipande kipya cha nyama ileile ya fundi, akafungua chupa mpya. Kesho yake shahidi alikuwa kahawia. Kioo cha fundi nacho pia: katika kila seli kumi, tatu au nne zilikuwa zimegeuka. Daktari alihesabu mara mbili, kisha akainua simu mwenyewe. Kwa hilo nampa heshima yake.

Barua ya onyo ilifika asubuhi ileile fundi alipokuja kwa wito. Mama Wembe aliikunja akaitia mfukoni mwa koti. Wapo wakubwa wengi ambao hawajawahi kuandikiwa barua kama hiyo, na si kwa sababu hawakosei.

Mama Wembe hakulazimika kuwapo chumbani kwa daktari wa ngozi. Alikuwapo. Daktari alipomaliza kueleza, fundi alimgeukia Mama Wembe.

"Kwa hiyo wewe ndiye uliyenipa ile wiki nzuri?"

"Ni mimi. Nilikosea, kaka yangu. Nisamehe."

"Shemeji zangu wamekula kuku watatu kwa ajili ya majibu yako."

Hakuna aliyejua atazame wapi. Kisha fundi akacheka mwenyewe, kidogo, akajifuta uso kwa kiganja.

"Ningekuja baada ya miezi sita, ningekuta nini?"

"Sijui," daktari alisema. "Ila nisingependa tusubiri tujue. Jumanne tutapima tezi za kinena, tuone kama haijafika huko. Baada ya hapo nitakuona kila wiki sita."

Fundi aliinuka. "Naomba kukiona. Hicho kioo."

Mama Wembe akampeleka chumba cha nyuma, akamvutia kiti, akamrekebishia darubini. Fundi alitazama kwa jicho moja, muda mrefu.

"Hizi za kahawia ndizo zenye haraka?"

"Ndizo."

"Ni nyingi, mama."

"Ni nyingi. Ndiyo maana tumekuita."

Hakuondoa jicho. "Jumanne saa ngapi?"

"Saa mbili asubuhi."

"Nitakuja saa moja."