Kwenda Robanda Kuuliza Mvua

Niliondoka kwetu, milimani Tarime, kwa ajili ya debe moja la mbegu ya mahindi. Ndiyo iliyobaki. Nyingine nilizipanda kama alivyopanda marehemu baba: mvua ya kwanza ikilowesha udongo kina cha kiganja, unashika jembe. Ikalowesha, nikapanda, ikaaga. Miche yote ikaungua. Na kwa kuwa baba alisifika kwa kujua msimu, majirani waliponiona shambani nao walipanda, tukaungua kijiji kizima kwa nidhamu.

Redio ilitangaza mvua za wastani, isipokuwa pale ambapo hazitakuwa za wastani. Wadogo zangu watatu wanakula ugali, hawali wastani. Ndipo nikakumbuka maneno ya mama, mzaliwa wa Robanda, kando ya mbuga ya wanyama: kwao hupanda nyumbu wakishapita kurudi kusini. Nikaona heri nimfuate mnyama, maana yeye hana redio.

Alfajiri, njia panda, jirani yetu mzee Marwa alinikuta nasubiri basi.

"Robi, tupande au tusipande?"

"Ngojeni nirudi, baba."

"Basi usikae sana huko. Mke wangu ameanza kuniangalia kama mimi ndiye niliyezuia mvua."

Tulipofika Nyamongo, alipanda basi kijana wa Geita, mchimba dhahabu, matope hadi magotini. Shimo lao lilikuwa limejaa maji. "Nyie mnaomba mvua, sisi tunaomba jua," akaniambia. "Huko juu watatuelewa kweli?"

Mugumu nilifika mchana, nikachukua bodaboda hadi Robanda, kwa kaka yake mama.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Umeleta mvua au umekuja kuitafuta?"

Nilipomweleza, alinipeleka shambani hata kabla ya uji. Mtama ulikuwa umeliwa hadi chini, alama za kwato zimejaa kila mahali.

"Nyumbu walipita, nikapanda," alisema. "Mbele wakakuta vumbi, wakageuza. Njiani wakakuta mtama wangu."

"Kwa hiyo nyumbu nao wamekosea?"

"Wamekosea wakashiba. Mimi nimekosea nikalala njaa. Na mwanangu anayeendesha watalii kule kambini hunipigia simu kuniuliza nyumbu wako wapi! Nilikuwa natafuta namba yako nikuulize mvua ya Tarime."

Tulicheka, kwa kukosa la kufanya. Kisha akanionyesha nyuma ya nyumba kipande cha mtama mbichi, umefika kwenye kifundo cha mguu.

"Huu nilipanda baadaye, kwa mbegu niliyobakiza. Usimwage zote siku moja, Robi. Hiyo siku moja ya baba yako haipo tena."

Kesho yake jioni nilifika nyumbani viatu vikinata tope. Mdogo wangu Boke alinipokea mlangoni.

"Dada, umeenda kuuliza mvua, nayo ikaja huku kukuulizia wewe."

Debe lilikuwa halijaguswa, walinisubiri. Majirani pia walinisubiri, majembe begani. Nikachimba kwa kidole: kina cha kiganja kamili, kama alivyotaka baba. Nikamimina nusu ya mbegu kwenye gunia, nikampa Boke aitundike juu ya moshi wa jikoni.

"Nusu?" mzee Marwa akashangaa. "Baba yako hakupanda nusu hata siku moja."

"Baba hakupata kuiona mvua hii."

Alinung'unika kidogo, akachungulia debe langu kuhakikisha nusu yenyewe inaishia wapi, kisha akaenda kwake kupunguza mbegu ya kwake.